Itazame Sahani Kwanza: Mafunzo Niliyopata kwa Mvinyo wa Chianti

Kijana akianza kazi ya kuhudumia meza katika hoteli za Malindi au Watamu, Kiitaliano hukijua upesi. Wageni wengi ni Waitaliano, na hata dereva wa tuktuk atakutajia nauli kwa Kiitaliano. Mvinyo wao ndio unaochelewa kueleweka. Chupa ni ghali, ni ya mgeni, na kazi yako ni kuifungua kisha urudi nyuma hatua mbili. Mimi nilifungua chupa nyingi za Chianti kabla sijaielewa hata moja.

Baadaye nilipata nafasi ya kufanya kazi Toscana, Italia, katika mgahawa mmoja mjini Firenze, mwendo mfupi wa gari kutoka kwenye vilima vinavyotoa zabibu za mvinyo huo. Huko ndiko nilikopigwa msasa. Yafuatayo nimekuandikia wewe uliyechoka kubeba trei na unayetaka kuwa mtu anayeitwa mezani kutoa ushauri. Jambo lenyewe ni moja tu, ingawa nililizunguka miaka mingi kabla ya kulishika: Chianti haukutengenezwa uonjwe peke yake. Umekua pamoja na vyakula vya Toscana, na ukiutenga navyo hutauelewa.

1. Uchachu si ubovu

Chianti wa kwanza niliuonja nyuma ya jiko, Malindi, ukiwa ni salio la chupa ya mgeni. Niliutema papo hapo. Ulimi ulikauka na fizi zikakaza kana kwamba nimeng'ata bibo bichi. Kwa moyo safi kabisa nikaamua kwamba mvinyo umeharibika, nikamwaga wote uliobaki kwenye sinki ili usije ukamdhuru mtu. Mwenzangu aliyenitangulia kazini akaniuliza kama naijua bei ya nilichomwaga. Aliponitajia, nilitamani sinki linirudishie.

Nilipofika Firenze nikakuta desturi ya wafanyakazi kula pamoja kabla milango haijafunguliwa. Mpishi wetu, mama mtu mzima ambaye wote tulimwita Signora, alinikatia jibini la kondoo liitwalo pecorino, vipande vya finocchiona, yaani soseji ya nguruwe iliyokaushwa na mbegu za shamari, na mkate. Mkate ulikuwa hauna chumvi hata chembe. Nikadhani mwokaji amesahau, na kwa adabu sikusema. Kumbe ndivyo watu wa Toscana wanavyouoka: vitu vinavyoliwa nao vina chumvi ya kutosha kwa vyote viwili. Juu ya hayo nikanywa funda la Chianti. Uchachu ulikuwa uleule na ukakasi uleule, lakini safari hii vilikuwa na kazi. Vilikata mafuta yaliyotanda mdomoni, nikajikuta nanyoosha mkono kuchukua kipande kingine, kisha kingine.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Zabibu kuu ya Chianti inaitwa Sangiovese, na kwa asili yake ina uchachu mwingi na tanini ya kutosha. Tanini ikiingia mdomoni hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, ndipo unapohisi ukavu. Ukiwa na nyama au jibini mdomoni, tanini hupata protini nyingine za kushikana nazo na ulimi wako husalimika. Chumvi nayo hupunguza uchungu tunaouhisi.

Kwa hiyo usiuhukumu mvinyo huu kwa funda la kwanza lililonywewa juu ya tumbo tupu. Kabla ya kusema ni mchachu mno, jiulize ulikuwa umekula nini.

2. Itazame sahani kabla ya lebo

Nilipoanza kuelewa kidogo, nikaingiwa na ugonjwa wa pili: majina. Nilikariri vijiji, Radda, Gaiole, Castellina, Greve. Nilikariri kwamba Chianti Classico wa kawaida hukomazwa miezi 12, Riserva miezi 24, na Gran Selezione miezi 30. Jioni moja baba mmoja aliyekuja na familia yake akaniuliza wanywe nini. Nikamtolea mhadhara. Nilikuwa bado niko kwenye udongo wa mawemawe wa Radda aliponijia mwenye mgahawa, akanivuta mkono wa shati na kuninong'oneza swali moja: "Wanakula nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wenye njaa, nikiwahubiria mvinyo wa chakula nisichokijua.

Walikuwa wameagiza bistecca alla fiorentina, na bora nikueleze sahani hiyo kwa sababu ndiyo mwenzi wa Chianti anayejulikana zaidi. Ni pande la nyama ya ng'ombe lililokatwa na mfupa wake wenye umbo la herufi T, unene wa vidole vitatu au zaidi, uzito wa kilo nzima au kuipita. Nyama inayosifiwa ni ya Chianina, ng'ombe weupe wakubwa wa bonde la Chiana. Huwekwa juu ya makaa makali kwa muda mfupi kila upande, chumvi hutiwa mwishoni, na ndani hubaki nyekundu. Mimi niliyelelewa nikijua kwamba nyama ya namna hiyo hurudishwa jikoni, nilipoipeleka mezani mara ya kwanza nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Hakuna aliyehitaji radhi zangu.

Nyama hiyo yenye maji yake, mafuta pembeni na chumvi juu, ndiyo inayoilainisha tanini. Chukua Chianti uleule, uweke kando ya nyama iliyokauka motoni, na ukakasi unarudi. Mbuzi choma wa kwetu, aliyeiva hadi ndani na kuwekwa kando ya kachumbari yenye ndimu na pilipili, anataka Chianti mchanga zaidi na mwepesi zaidi kuliko bistecca. Makaa ni yaleyale, lakini sahani ni tofauti.

Siku hizi nikifika mezani nina maswali manne kichwani: Je, kuna mafuta? Kuna chumvi? Kuna kitu kichachu, kama nyanya au ndimu? Kuna pilipili au sukari? Mawili ya kwanza yananiruhusu kwenda kwenye mvinyo wenye nguvu. La tatu linadai mvinyo ulio mchachu angalau sawa na chakula. La nne linanipunguzia mwendo.

3. Usikidharau chakula cha maskini

Ribollita nusura inirudishe nyumbani. Ni mchanganyiko mzito wa maharagwe meupe, mboga iitwayo cavolo nero ambayo ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki, karoti, vitunguu na mkate wa jana, uliochemshwa, ukalala, ukachemshwa tena. Juu yake hutiwa mafuta ya zeituni mabichi. Nilipowekewa sahani ya kwanza nilijisemea: nimepanda ndege, nimevuka bahari, nimekuja kula maharagwe na sukuma? Na wageni wanalipia?

Dharau hiyo ikanifuata mezani. Mzee mmoja aliagiza pappa al pomodoro, uji mzito wa nyanya, mkate, kitunguu saumu na majani ya rehani. Kwa kuwa chakula chenyewe nilikiona duni, niliona nimwinue kwa mvinyo, nikamshawishi achukue Riserva yenye miaka yake. Alikunywa kwa upole, akalipa, akaacha zaidi ya nusu ya chupa. Hakulalamika, na hilo liliniuma kuliko kama angegombana nami.

Signora ndiye aliyenifumbua macho. Nyanya ni chachu, kwa hiyo inataka mvinyo ambao uchachu wake bado uko wazi. Mvinyo uliokaa sana kwenye pipa la mti umeongeza harufu za mti na viungo, ambazo uji wa mkate hauwezi kuzibeba. Mzee yule alihitaji Chianti wa kawaida, wa bei ya chini, ulio mchanga na mchangamfu. Riserva ile ingekuwa nyumbani kwake kando ya nguruwe pori aliyepikwa polepole, au kando ya peposo, mchuzi wa nyama ya muundi wa ng'ombe unaopikwa na pilipili manga nyingi, saumu na mvinyo mwekundu hadi nyama ilainike kabisa. Peposo ni chakula cha mji wa Impruneta, na kinahusishwa na wafanyakazi wa matanuri ya vigae ya huko.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba jambo hili lilikuwa limeshasemwa na waziri mkuu. Bettino Ricasoli, mwenye ngome ya Brolio kule Gaiole, aliiongoza serikali ya Italia mara mbili katika miaka ya 1860, na alitumia miaka mingi kufanya majaribio ya zabibu. Mwaka 1872 alimwandikia profesa mmoja wa Pisa matokeo yake: Sangiovese ndiyo inayotoa harufu na nguvu, Canaiolo inaulainisha mvinyo, na zabibu nyeupe ya Malvasia inaufanya mwepesi na wa kunywewa mapema, kwa hiyo isitiwe katika mvinyo unaokusudiwa kukomazwa. Mtu wa cheo hicho alijua kwamba mvinyo wa kuhifadhi na mvinyo wa meza ya kila siku ni vitu viwili, na kila kimoja kina heshima yake. Leo kanuni za Chianti Classico zinadai Sangiovese isipungue asilimia 80, na tangu mavuno ya 2006 zabibu nyeupe hazikubaliwi kabisa. Lakini mgawanyo wa kazi wa Ricasoli bado unafaa mezani.

Bei ya chupa hupanda kwa umri, pipa na sifa ya shamba. Haipandi kwa sababu mvinyo unafaa chakula chako. Mhudumu anayempunguzia mgeni bili kwa ushauri sahihi ndiye anayeulizwa kwa jina mgeni akirudi.

4. Kanuni ya samaki ina mlango wa nyuma

Huko nyuma Malindi, mgeni mmoja aliagiza samaki wa kupaka na akasema anataka mwekundu. Niliogopa kumpinga mteja, nikamletea Chianti mzito kuliko wote tuliokuwa nao. Baada ya funda la pili aliniita, akasema mdomo wake una ladha ya chuma. Nikamletea maji. Akasema sasa chuma kina maji. Hapo nilikosa la kufanya.

Leo ningemweleza. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huzaa ladha mbaya, na kadiri samaki alivyo na mafuta ndivyo inavyozidi. Tui la nazi lina utamu wake, na utamu huufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu zaidi. Pilipili ikichanganyika na kileo huwaka maradufu, na tanini haisaidii kuuzima moto. Sahani ile ilikuwa na mitego yote mitatu. Ilitaka mvinyo mweupe wenye harufu ya matunda, au juisi ya ukwaju.

Kwa hiyo nilifika Toscana nikiwa na kanuni moja isiyopindika: samaki na mwekundu ni haramu. Kisha siku ya mapumziko tukashuka Livorno, mji wa bandari, tukala cacciucco. Ni mchuzi wa pweza, ngisi na samaki wa kila aina, wenye nyanya, saumu na pilipili kidogo, unaomiminwa juu ya mkate uliobanikwa na kusuguliwa saumu. Mezani wakaweka mvinyo mwekundu mchanga. Nilidhani wananipima. Nikasema kwa Kiitaliano changu bora kabisa kwamba hilo si sahihi. Walicheka, kwa sababu mvinyo mwekundu ulikuwa umeshamiminwa hata chunguni.

Nilionja, na chuma hakikuja. Pweza na ngisi hawana mafuta mengi, nyanya ilikuwa imetawala, na mvinyo uliokuwa ndani ya mchuzi ulikuwa umeshatengeneza daraja na ule uliokuwa kwenye glasi.

Hapo nikajifunza kutouliza "Ni samaki au ni nyama?" bali "Mchuzi ni wa nini?" Kuku aliyepikwa kwa tui na kuku aliyepikwa kwa nyanya ni vyakula viwili mbele ya mvinyo. Ukipika pweza wa nyanya nyumbani, jaribu mwekundu mwepesi kabla ya kunibishia.

5. Joto la chumba ni la chumba kipi?

Chupa zetu Malindi zilipangwa kwenye rafu nzuri ya mvule, ukutani, upande wa pili wa jiko. Jua la alasiri lilizifikia na mvuke wa jiko ukazimalizia. Mgeni akisema mvinyo ni wa moto, nilimjibu kwa kujiamini: "Mwekundu hunywewa katika joto la chumba, Signore, kama kwenu Italia."

Sikuwahi kujiuliza chumba hicho kikoje. Nyumba za zamani za Toscana zina kuta nene za mawe, na ghala la mvinyo liko chini ya ardhi. Joto linalosemwa ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Chumba chetu cha pwani kina nyuzi 28 hata usiku. Mvinyo ukiwa katika joto hilo, kileo hupanda puani kabla ya harufu ya tunda, na mdomoni hukosa uchangamfu.

Firenze nayo huwa na kiangazi kikali. Julai yangu ya kwanza nilimwona mwenye mgahawa akiitumbukiza chupa ya Chianti kwenye ndoo ya maji na barafu. Nilikimbia kumzuia, nikiamini amechanganyikiwa na joto. Akaniambia niiache robo saa, kisha nionje. Cheri na urujuani vilirudi puani, na kile kileo cha kuchoma kikatulia.

Mvinyo uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuumimina, na Chianti mchanga hautadhurika ukiushusha hadi nyuzi 15. Usipitilize, kwa sababu baridi kali huukaza ukakasi na kuifunga harufu. Chupa zilaze mahali penye giza, mbali na jiko. Kama bosi anataka rafu yake ya mvule ipendeze, mshauri apange chupa tupu.

6. Jogoo mweusi ana maana yake

Mgeni alinionyesha chupa mbili, moja ina jogoo mweusi shingoni na nyingine haina, akauliza tofauti yake. Nami bila kusita nikamjibu kwamba yenye jogoo inafaa kuku.

Alicheka hadi akatoa miwani afute machozi. Akanunua zote mbili, nadhani kwa huruma.

Jogoo huyo alikuwa nembo ya muungano wa vijiji vya Chianti tangu zama za kati, na Giorgio Vasari alimchora kwenye dari ya ukumbi mkubwa wa Palazzo Vecchio mjini Firenze. Wenyeji wanasimulia kwamba Firenze na Siena, zilipochoka kupigania vilima hivyo, zilikubaliana kila mji utume mpanda farasi jogoo atakapowika, na mpaka uwe pale watakapokutana. Watu wa Firenze wakamnyima chakula jogoo wao mweusi, naye kwa njaa akawika usiku wa manane, na mpanda farasi wao akafika karibu kabisa na Siena. Hiyo ni hadithi. Historia iliyoandikwa inasema mwaka 1716 Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri ya kuweka mipaka ya eneo la Chianti, mojawapo ya amri za kwanza duniani za namna hiyo. Mwaka 1924 wakulima wa hapo waliunda chama cha kuulinda mvinyo wao na kumchukua jogoo mweusi kuwa alama. Mwaka 1932 serikali ililipanua jina la Chianti hadi maeneo mengine ya Toscana, na vile vilima vya asili vikatofautishwa kwa neno Classico. Tangu 1996 Chianti Classico una kanuni zake, mbali na Chianti wa maeneo mengine.

Usidhani haya ni mapambo ya mazungumzo. Chianti wa eneo pana unaruhusiwa kuwa na Sangiovese kuanzia asilimia 70, na mara nyingi ni mwepesi na rahisi: upeleke kwenye piza, tambi za nyanya, maharagwe yaliyopikwa na soseji. Rufina, eneo dogo kaskazini mashariki mwa Firenze, liko juu na lina baridi, hivyo mvinyo wake una uchachu imara na hukaa miaka mingi. Chianti Classico wenye jogoo hutoka vilimani, una mwili zaidi, na unastahimili nyama. Ukiijua ramani, unaweza kukisia ladha kabla ya kuvuta kizibo.

Na ile chupa ya mviringo iliyovikwa majani makavu, fiasco, usiicheke. Majani yale yalikikinga kioo chembamba na kuiwezesha chupa isiyo na kitako bapa kusimama.

Kwa kumbukumbu: Chianti unafaa kabisa kuku wa kubanikwa, hasa yule wanayemgandamiza juu ya makaa kwa tofali hadi ngozi ikauke. Nilikuwa sahihi bila kujua, na hilo ndilo jibu hatari kuliko yote, maana linakupa kiburi.

7. Kuonja ni kazi, kutema si utovu wa adabu

Mara ya kwanza kupelekwa shambani kuonja, tulipangiwa glasi nyingi na pembeni kukawa na chombo cha kutemea. Kwetu, kumtemea mwenyeji alichokupa ni kumtukana. Nikaamua kuiwakilisha Afrika Mashariki kwa heshima, nikameza kila glasi. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nawaimbia wenyeji nyimbo za harusi za kwetu, na daftari langu lilikuwa na maelezo ya mvinyo mmoja tu, tena hayasomeki.

Kutema ndiyo heshima yenyewe, kwa kuwa ndiko kunakoacha akili ya kuuelewa mvinyo wa mwisho sawasawa na wa kwanza. Najua wengine mnaofanya kazi hii hamnywi, kwa dini au kwa hiari. Sehemu kubwa ya elimu iko puani, na kunusa hakukuzuii kuwa bora.

Pua hiyohiyo ndiyo inayokamata chupa mbovu. Ikinuka katoni iliyonyeshewa au ghala lenye ukungu, kizibo kimeuharibu mvinyo. Mgeni anapomiminiwa tone la kwanza haulizwi kama ameupenda; anaulizwa kama ni mzima. Akikuambia una kasoro, nusa, kubali, badilisha. Usibishane naye mbele ya wageni wake.

8. Keki ina kinywaji chake

Fupi na la mwisho. Usimimine Chianti wa kunywewa na keki ya siku ya kuzaliwa, kama nilivyowahi kufanya mbele ya ukoo mzima. Sukari huugeuza mvinyo mkavu kuwa siki. Watu wa Toscana hufunga mlo kwa cantucci, biskuti ngumu za lozi za mji wa Prato, na Vin Santo, mvinyo wa zabibu zilizokaushwa, ambao mara nyingi ni mtamu. Kanuni inayofanya kazi popote ni kwamba kinywaji kiwe kitamu sawa na kitindamlo, au kukizidi.

Kazi ya kufanya wiki hii

Usiishie kusoma. Changa na wenzako watano, mnunue chupa moja ya Chianti mchanga, isiwe ya bei kubwa. Ipoze nusu saa. Panga mezani kipande cha ndimu, chumvi kidogo, nyama ya kuchoma yenye mafuta, nyanya iliyopikwa, pilipili, na mahamri yenye sukari. Onjeni mvinyo peke yake kwanza, kisha baada ya kila kitu, mkisuuza mdomo kwa maji katikati. Kila mmoja aandike alichohisi bila kumwangalizia mwenzake: umekuwa mchachu zaidi au umepungua, ukakasi umelegea au umekaza, unawaka au umetulia.

Mkimaliza, chukueni menyu ya hoteli yenu na mrudie maswali manne kwa kila sahani, kuanzia supu hadi mchuzi wa kamba. Andikeni kando ya kila moja mvinyo mnaoupendekeza na sababu yake kwa mstari mmoja. Kisha mpelekeeni meneja karatasi hiyo kabla hajaajiri mtu kutoka nje wa kumwandikia.